Ouseph na Mapumziko ya Filamu ya Kikorea

Wengi wakilinganisha filamu yetu ya upelelezi na ile iliyotengenezwa upya ugenini, huhesabu kilichoondolewa. Wimbo haupo, shangazi hayupo, basi wanaiita mbovu. Ouseph Kochuvareed, anayestaafu leo tarehe 31 Mei baada ya miaka thelathini na minane katika chumba cha mitambo cha Ukumbi wa Chandrika, hapa mjini kwetu Irinjalakuda, ametufundisha kutazama kilichoongezwa.

Alianza kwa kubeba mikebe ya filamu, akapanda hadi kuwa mwonyeshaji mkuu. Si mtu wa kunyamaza. Masika moja umeme ulikatika muuaji akiwa karibu kutajwa. Ouseph akatoa kichwa kwenye dirisha la mitambo, akauigiza mwisho wote, sauti za wanawake zikiwemo. Kesho yake wapo waliorudi wakitaka mwisho wake, si wa filamu.

Ushindi wake mkubwa ni wa mwaka juzi. Mama Subhadra, mwenye ukumbi, alikuwa amepata mnunuzi aliyetaka kuugeuza uwe wa harusi. Akatupa wiki moja tujaze viti, la sivyo auze. Tukaonyesha filamu yetu ya Kimalayalam, lugha ya hapa kwetu, ya inspekta anayemtafuta daktari aliyepotea, na kesho yake ile iliyotengenezwa upya Korea. Yetu inakatwa kwa mapumziko pale saa ya daktari inapoonekana mkononi mwa inspekta mwenyewe. Ya Wakorea haina mapumziko, na hapa kwetu hakuna atazamaye filamu bila chai katikati.

“Kata palepale kwenye saa,” Mama Subhadra aliagiza.

“Mama, siri hiyo wanaijua tangu jana. Watakunywa chai waende zao. Niachie mimi.”

Ouseph akaipita ile saa bila kukata. Akaja kusimamisha pale binti wa inspekta, ambaye katika filamu yetu hayumo kabisa, anapoiokota saa hiyo bafuni, anaifuta, na kumrudishia baba yake bila neno.

Kwenye kibanda cha chai mabishano yakawaka. “Kwani anajua?” “Anajua, wewe! Ungemshtaki babako?” “Wangu? Asubuhi na mapema!” Ndizi za kukaanga zilipoa mikononi. Kengele ilipolia walirudi wote, wengine na vikombe vyetu. Wiki iliisha watu wamekaa hadi ngazini, na mnunuzi akaambiwa atafute jengo kwingine.

Ahsante, Kaka Ouseph. Nenda nyumbani kwa mkeo Rosakutty na afya tele, na sauti ileile. Nawe msomaji, leo saa tisa alasiri tunaionyesha tena ile ya Korea, na ni yeye atakayeisimamisha. Chai ikiisha, rudi kwenye kiti chako.