Kete za Leodgar, Fundi Cherehani

Ndugu waombolezaji, marehemu Leodgar, kaka wa Verediana anayewasomea haya, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 huko Kalinzi, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1967 hadi 1973, kisha akashuka mjini kujifunza ushonaji, na tangu 1979 alikuwa na cherehani yake soko la Mwanga, jirani na lile bao ambalo ninyi mabingwa wa midomo mnalijua kuliko mnavyolijua kanisa.

Kwenye bao alikuwa mwoga, tuseme ukweli hata mbele ya jeneza lake, kwani nyumba yake, lile shimo la kete nyingi, aliilinda bila kuicheza mpaka mwenzake anaila yote, na uchumba nao aliuendesha hivyo hivyo, miaka minne, hadi Agnesi mwenyewe akamuuliza kama anaoa au bado anachukua vipimo, ndipo wakafunga ndoa tarehe 12 Julai 1986, wakajaliwa watoto watatu.

Oktoba 2023 alianza kuumwa tumbo, madaktari wakaona uvimbe, wakamweleza wazi kwamba bila upasuaji hana muda mrefu, na kwamba upasuaji wenyewe nao ni wa hatari, Agnesi akamwambia yeye angekubali, ila mwili ni wake. Jioni ile alicheza na rafiki yake Erasto, akazisambaza kete zote za nyumba kwa mara ya kwanza, akafungwa, akacheka mpaka akashika tumbo, akarudi nyumbani akasema kesho twendeni. Aliaga dunia tarehe 21 Novemba 2023, siku ya pili baada ya upasuaji.

Sasa tangu jana tunasikia eti Agnesi ndiye aliyemsukuma mumewe kwenye kisu, loo, na wanaosema ni wale wale waliomcheka miaka arobaini kwa woga wake, Erasto akiwa mbele yao, watu ambao kete zikishamalizika ndipo wanapojua zilipaswa kuanzia wapi. Mtazamaji hafungwi, ndiyo, na hashindi pia. Leodgar aliamua mwenyewe, akacheza vizuri, akafungwa, na asiyejua kwamba hayo huwezekana kwa pamoja hajui bao, akae kimya.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Gungu waliopika na kukesha nasi, mafundi wa Mwanga waliofunga kazi leo, na hata wewe Erasto, kwa kicheko kile cha jioni ile.

Pumzika kwa amani, Leodgar, mkeo tumemkalisha katikati yetu, na atakayemnyoshea kidole aanze na sisi.