Bi Mize, Mtunza Siri za Ofisi Yetu

Tarehe 30 Juni 2024 Bi Mize Shaabani anastaafu, baada ya kuitumikia Tumbawe Jema, kampuni yetu ya kuwapeleka watalii kuzamia baharini hapa Utende, kwa miaka ishirini na mitano. Aliingia mwaka 1999 kama karani, hifadhi ya bahari ikiwa bado changa na ofisi yetu ikiwa chumba kimoja cha makuti. Anaondoka akiwa meneja wa ofisi.

Katika muda wote huo hakuzamia hata mara moja. Boti ikiwashwa tu kwenda kisiwani Chole, yeye keshashika limau puani. Hata hivyo wageni wengi walirudi nyumbani wakimsimulia yeye kuliko papa potwe, kwani aliwajua kwa majina kabla hawajatua Kilindoni.

Kazi tunayomshukuru zaidi ilianza mwaka 2018. Wakati ule nakala za pasi za wageni na vyeti vya afya vya wazamiaji tulivituma kwa mawakala wa safari kwa huduma ya bure ya mtandaoni. Linki ilikuwa moja kwa mafaili yote, na aliyeipata alifungua. Siku moja ikaangukia kwenye kundi la WhatsApp la mtaani. Humo mlikuwa na cheti cha Ukasha, kiongozi wetu wa wazamiaji, kikieleza kwamba aliwahi kutibiwa kifua kikuu. Kwamba alipona kabisa, hilo watu hawakulisoma. Wakaanza kumtengea kikombe. Ukasha akaapa hatatoa cheti tena, na bila cheti hakuna kuzamia. Akaacha kazi.

Bi Mize hakumtuma mtu. Alipanda bodaboda mpaka Ndagoni, nyumbani kwa Ukasha.

"Ofisi ni yangu, mwanangu, na kosa ni langu. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mama. Lakini cheti changu sikileti."

"Usikilete. Ngoja kwanza nitafute pa kukiweka."

Msimu wa wageni ulikaribia, na mkurugenzi wetu, Bwana Hadi Karmali, alitaka tuchague huduma nyingine upesi. Bi Mize alikataa kuharakishwa. Kila muuzaji alimuuliza: nani anaweza kufungua? Linki inakufa lini? Tukikosea kutuma, tutairudisha? Na mtandao wa Utende ukisuasua, faili litafika? Mmoja aliyetoka Dar es Salaam aliombwa ajaribu kufungua faili letu la majaribio bila kupewa nywila. Akalifungua papo hapo, huku akitabasamu, akidhani anaonyesha huduma bora.

"Ahsante sana, baba," Bi Mize akamwambia. "Chai hiyo, karibu unywe. Huduma hatutaichukua."

Tuliyoichukua hatimaye hulifunga faili humu humu ofisini kabla halijaondoka, na hata wenye huduma hawawezi kulisoma. Kila faili lina mpokeaji wake, na mwenye cheti anaweza kukiondoa mwenyewe. Kisha Bi Mize akatugeukia sisi wafanyakazi, maana nusu yetu nywila zetu zilikuwa "potwe". Tulinung'unika wiki nzima. Hakulegeza.

Akarudi Ndagoni na kompyuta mkobani. Ukasha alikiweka cheti, akakiondoa, akahakikisha kimetoweka, kisha akakiweka tena. "Hapo sawa, mama," akasema. Msimu ulipofunguliwa alikuwa majini na wageni, na leo ndiye anayewafundisha viongozi wetu wapya.

Juzi Bi Mize alimkabidhi ofisi Banu Aliakber, kisha akajifuta mwenyewe kwenye orodha ya wenye ruhusa. Akajaribu kufungua faili moja, likagoma. Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio: "Alhamdulillahi! Sasa naweza kwenda."

Bi Mize, ahsante kwa kutulindia heshima zetu kama za wanao. Mwenyezi Mungu akujaalie afya, usingizi mnono na wajukuu wengi barazani. Nenda salama, mama yetu.

Sabra Iddi, Mapokezi