Ile Moja na Funguo za Gari la Mtaa

Bismillahir Rahmanir Rahim. Namshukuru Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, aliyetuamsha wazima, akatuzuilia mvua mpaka turubai likasimama, na akatujaalia kukaa pamoja, Waislamu na Wakristo, juu ya viti ambavyo vingine vimeazimwa msikitini na vingine parokiani, na ambavyo naomba jioni kila kimoja kirudi kwao.

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi, Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, Baba Paroko, Padre Fredrick, waheshimiwa masheikh, Afande wa Usalama Barabarani, uliyekuja leo bila kuandikia mtu faini, nasi tumeliona hilo na tunashukuru, ndugu wajumbe wa kamati, kinamama, wageni wetu wa heshima kutoka Bukoba, mashemeji wa Ndugu Leodegar Kamugisha, mliosafiri safari ndefu kuja kumwona shemeji yenu akikabidhiwa usukani, wageni waalikwa, na ninyi mliofuata harufu ya pilau: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wale ambao salamu yenu ni nyingine, nimemwomba Baba Paroko awasalimie kwa niaba yangu, naye amekubali kwa sharti kwamba nisirefushe hotuba mpaka misa ya jioni.

Jina langu ni Kurbanali Fazal, mwenye duka la vipuri hapa Kiwalani, na kwa bahati yenu mbaya ni mwenyekiti wa kamati ya gari. Kamati imenituma niseme maneno machache. Mke wangu Fatmabai aliposikia, alisema, "Kurbanali, wewe machache hujawahi kukutana nayo." Nitajitahidi, inshallah.

Ndugu zangu, Noah nyeupe mnayoiona nyuma yangu, yenye utepe mwekundu, si yangu wala si ya Mheshimiwa Diwani. Ni gari la mtaa. Kazi yake ni kuingia katika vichochoro vyetu ambamo gari kubwa haliwezi kugeuza, kumchukua mgonjwa au mama mjamzito, na kumfikisha hospitali akiwa hai. Niruhusuni nieleze lilivyopatikana, maana lile swali lililoichosha kamati yetu, kwamba je, dereva aruhusiwe kunywa hata kidogo kabla ya kushika usukani, lilizaliwa siku moja na mtoto, na wote wawili walipiga kelele sana.

Ilikuwa Jumapili moja mwaka jana, baada ya Pasaka. Ndugu Leodegar na mkewe Auleria walifanya sherehe ya komunio ya kwanza ya binti yao, Gladness. Ng'ombe alichinjwa na Mwislamu, kama ilivyo desturi ya mtaa huu, ili pasiwepo jirani wa kula kwa macho. Upande mmoja wa turubai zilikuwa soda. Upande wa pili vinywaji ambavyo majina yake siyajui. Na katikati ilipigwa singeli, ambayo iliwatikisa wa pande zote bila ubaguzi. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kuswali, nimeketi na sahani yangu, ndipo Hamida, jirani wa ukuta kwa ukuta na akina Kamugisha, aliposhika nguzo ya turubai na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nafikiri ameamua kuja leo."

Mumewe alikuwa Manzese, karakana kwake. Lakini je, tulikosa magari? Hatukukosa. Kichochoro kilikuwa kimejaa magari ya wageni, na wanaume wakainuka kwa ukarimu unaopendeza, kila mmoja akitikisa funguo zake. Hamida, mikono miwili kwenye nguzo, akaanza kuwafanyia usaili.

"Umekunywa?"

"Moja tu, dada."

"Na wewe?"

"Moja tu."

"Na wewe kaka Edgar?"

"Mie moja, tena siyo nzima."

Hamida akavuta pumzi, uchungu ukampitia, kisha akasema, "Kila mtu moja. Sasa makreti yote haya yamemalizwa na nani?"

Wengine waliangalia makreti, wengine waliangalia sahani za nyama. Naye akaendelea, "Siendi na mtu mwenye moja. Bora nizalie hapahapa, Gladness apate zawadi."

Mnamfahamu Ndugu Leodegar. Ameendesha malori mpaka Rusumo, mvua na jua, na hakuna asiyejua kwamba ndiye dereva bora tuliye naye. Naye alikuwa amekunywa ile moja. Nilimwona akisimama, akatoa funguo mfukoni, akazitazama, kisha akaja akaziweka katika kiganja changu.

"Mzee, wewe una leseni."

Nilikuwa nayo. Matumizi yake ndiyo yaliyokuwa haba, kwani gari langu mwenyewe nilikuwa nikilitoa kwa ajili ya sala ya Ijumaa tu. Lakini nilikuwa sijakunywa. Nimejaaliwa kuzaliwa katika dini ambayo hata tone imeniharamishia, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, jambo hilo lilinifanya nitafutwe na watu wengi kwa pamoja.

Tukaondoka. Hamida nyuma, katikati ya Auleria na Fatmabai. Leodegar mbele, kushoto kwangu, magoti yamembana, miguu yake ikikanyaga breki ambayo haikuwepo.

"Mzee, weka ya tatu."

"Ya pili inatosha, Leodegar. Tuna mgonjwa."

"Mzee, tumepitwa na mkokoteni wa matikiti."

"Nimeuona. Ulikuwa na haraka."

Auleria akasema kutoka nyuma, "Baba Gladness, mwache Mzee aendeshe. Wewe sukuma kwa rozari."

Na Hamida akasema, "Nichekesheni baadaye, jamani, sasa hivi kunaniumiza."

Hivyo ndivyo Lubaba alivyozaliwa kwenye mataa ya kuingilia Barabara ya Mandela. Taa ilikuwa ya kijani, lakini mimi nilikuwa nasubiri iwe ya kijani zaidi. Alilia, Fatmabai akalia, Leodegar akalia, na magari ya nyuma yakapiga honi ambazo mimi, kwa furaha yangu, nilizichukua kuwa ni pongezi. Yule pale mstari wa mbele, amekaa mapajani kwa mama yake na anakula programu ya sherehe. Mwacheni, ukurasa huo una hotuba yangu.

Baada ya siku ile tulichanga, kila nyumba kwa uwezo wake, mpaka gari likapatikana. Ndipo kamati ikakaa kuandika kanuni, na ndipo tukagombana. Kanuni zote zilipita isipokuwa moja. Wako waliosema dereva wa zamu asinywe kabisa. Wako waliosema tusiwe wakali kuliko inavyohitajika, mtu mzima anajijua, moja haina neno. Na aliyesimama kuitetea ile moja, mashemeji mnisamehe, alikuwa Ndugu Leodegar mwenyewe.

"Mzee, moja kwangu ni kama chai. Nimeishi nayo barabarani miaka yote, haijawahi kunitikisa."

Mtu ambaye hajawahi kuonja atambishia nini anayejua? Nikaomba tu, kwa unyenyekevu wa asiyejua, nionyeshwe hiyo moja. Nikasema kikao kijacho kila mjumbe aje na chombo chake anachonywea, kikiwa kitupu, akiweke mezani.

Ndugu wageni waalikwa, nimehudhuria vikao vingi, lakini sijapata kuona meza kama ile. Leodegar alileta chupa, ile kubwa. Edgar alileta jagi la plastiki lenye mfuniko, akaapa kwamba hilo ndilo analoliita moja na kwamba hajawahi kufikia la pili. Mwingine, ambaye leo amevaa suti na sitamtaja, alileta kichupa kidogo cha pombe kali kinachoingia katika mfuko wa shati, nasi tukamwonea huruma mpaka Afande, tuliyemwalika kikaoni, alipotueleza kilichomo ndani kina nguvu gani. Mama Filomena alileta kibuyu kirefu kuliko mjukuu wake. Nikamuuliza, "Mama, hii nayo ni moja?" Akanijibu kwa heshima, "Mzee, hii haimo kwenye hesabu. Rubisi si pombe, ni ndizi." Naye Baba Paroko, ambaye hakuwa ametakiwa kuleta kitu, akainua mkono akasema, "Na mimi niseme. Nikitoka misa nimekunywa divai, hata kama ni kidogo. Basi nikitoka misa sitashika gari la mtaa. Nitapanda bodaboda." Na toka siku hiyo mnamwona, kanzu imekunjwa, amemkumbatia dereva wa bodaboda kama ndugu aliyepotea.

Tulicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna harusi gani. Lakini tulipomaliza kucheka tuliitazama ile meza, na hakuna aliyeweza kuandika kanuni kutokana nayo. Je, tungeandika moja ya Leodegar au moja ya Mama Filomena? Na hata tungepata chombo kimoja cha watu wote, nani angetuambia kwamba huyu imemtosha na yule bado? Angetuambia mnywaji mwenyewe, kwa kichwa kilekile ambacho ile moja imekwisha kupita.

Hata hivyo si meza iliyomaliza ubishi. Aliumaliza Hamida, aliyekuwa amekaa pembeni akinyonyesha.

"Baba Gladness, nikuulize. Siku ile, wewe na moja yako, ungeniendesha vizuri kuliko Mzee?"

Leodegar akanitazama, akaona haya, akasema, "Kuliko Mzee, hata usingizini."

"Tungefika?"

"Tungefika mapema, mtoto angezaliwa kitandani."

"Sasa kwa nini ulimpa Mzee funguo?"

Ndugu zangu, akasema, na haya ni maneno yake, sikuyaongeza chumvi: "Kwa sababu kama tungepata ajali, hata ya kugongwa na mwingine, hata kama kosa si langu kabisa, ningeiuliza ile moja mpaka nife. Na isingenijibu."

Kura zikapigwa. Mkono wake ulikuwa wa kwanza kupanda. Kanuni ikapita: aliye zamu hanywi, na aliyekunywa, kiasi chochote, hashiki. Sikusimama hapa kumharamishia mtu glasi yake; Mwenyezi Mungu ana njia zake za kuzungumza na kila mja. Nazungumzia funguo. Glasi iwe ya mwenyewe. Gari ni la Hamida, ni la mgonjwa, ni la mtoto ambaye bado hajaonekana barabarani.

Sasa niifikie kazi iliyotukutanisha. Ndugu Leodegar Kamugisha, kamati imekuteua kuwa dereva wa kwanza wa gari hili. Hamida na Lubaba watapanda, utawazungusha mtaa mzima, na mashemeji wako watapiga picha. Karibu mbele upokee funguo.

Ndugu Leodegar.

Mbona hunyooshi mkono, ndugu yangu? Njoo karibu na kipaza sauti. Marahaba, nimeshaipokea shikamoo. Sema.

Ngojeni. Wa nyuma hamkusikia, nami sina budi kuwaeleza. Amesema, "Mzee, mie leo sishiki." Nimemuuliza kwa nini. Amesema mashemeji wamekuja na rubisi kutoka nyumbani, asubuhi wamemtilia kidogo wampongeze, naye akaonja, kwa sababu zamu yake imeandikwa kesho na alidhani leo ni ya picha tu. Lakini amenisikia nikitaja Hamida na mtoto, na kuzunguka mtaa ni kuendesha.

Afande, kaa tu, hajagusa gari. Mheshimiwa Diwani, chekeni, nami nitacheka, nipeni muda nifute miwani. Shemeji Auleria, ondoa kitenge usoni, hakuna aibu hapa. Na ninyi mashemeji, msiwe wanyonge. Mmekuja kumwona shemeji yenu akipewa heshima, na Wallahi mnaiona.

Nilikuwa nimeandaa sifa za mikono yake. Naziweka kando. Angenyamaza, nani angejua? Amekaa miezi akiingojea asubuhi hii, na ameiachia mbele ya mashemeji zake, kwa sababu ya mafunda mawili ya ndizi. Mama Filomena, samahani, ndizi imehesabiwa. Kama bado kuna anayeuliza dereva aruhusiwe kiasi gani, mimi sina hotuba nyingine ya kumpa. Amtazame huyu aliyesimama hapa.

Dada Yuliana, dereva wa zamu ya pili, uko wapi? Wewe umekunywa nini leo?

Amesema soda ya tangawizi, na imemkereketa koo. Alhamdulillah. Njoo binti yangu, pokea funguo hizi. Hamida, panda na mtoto, mtoeni ile karatasi mdomoni. Na wewe Leodegar, usirudi kwenye kiti. Utepe haujakatwa, na kwa habari ya mkasi kamati haikuweka kanuni yoyote. Chukua, ukate. Kesho zamu ni yako.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia. Mwenyezi Mungu awabariki katika nyumba zenu, awape wagonjwa wenu shifaa na kinamama wenu uzazi mwepesi. Kila anayetoka mlangoni kwake amrudishe salama kwa wanaomngoja. Na meza zenu asizipunguzie riziki wala kicheko. Amin. Sogeeni kidogo, mpisheni Yuliana atoe gari.