Dawa ya Rafiki Yake Shadrack

Nyuma ya stendi ya Makambako, pale malori ya kwenda Songea yanapopoza injini, pana benchi la mbao za mlingoti lililolainishwa na makalio ya watu. Upepo wa mji ule hauna adabu. Unaingia kwenye mkono wa koti na kutokea shingoni, kwa hiyo watu hukaa pale wamebanana, kila mmoja na kikombe chake kidogo cha kahawa, wakiamua mambo ya serikali, ya mpira na ya ndoa za wenzao. Jumamosi ile, saa tatu asubuhi, walikuwapo wanne. Benno, aliyewahi kuwa bwana shamba na sasa anauza miche ya parachichi, wanamwita Bwana Miche. Severini wa Ludewa, muuza samaki wakavu wa Ziwa Nyasa, wamempachika jina la samaki wake, Mbasa. Faustine, dalali wa viazi, ni Turubai, kwa ajili ya koti lake moja analolivaa masika na kiangazi. Wa nne ni Shadrack, fundi seremala, ambaye hana jina la utani kwa sababu hajawahi kuongea vya kutosha kupewa.

Siku hiyo Shadrack alikuwa hatulii. Akikaa, anasimama. Akisimama, anachungulia barabara ya Njombe, halafu anatoa simu, anaitazama saa, anairudisha mfukoni. Shemeji yake Jastin, mzee wa kanisa kule Makete, alikuwa njiani, na kikao kilipangwa saa sita.

Aliyemwita Jastin ni Anneth, mke aliyeishi na Shadrack kwenye ndoa miaka ishirini na miwili.

"Aje asikie mwenyewe," alikuwa amesema jana yake, akichambua maharage bila kumtazama. "Miezi saba unalala sebuleni, mara mgongo, mara joto. Joto gani Makambako? Una mwanamke, Shadrack."

Shadrack hakubisha. Alikwishajua, kwa aibu kubwa, kwamba kuitwa mzinzi kunamuuma kidogo kuliko kuusema ukweli. Basi akaacha aitwe mzinzi. Lakini usiku hakupata usingizi, na asubuhi miguu ilimleta kijiweni yenyewe. Alikunywa kikombe cha kwanza, akanywa cha pili, halafu, huku akitazama tairi la lori lililokuwa mbele yake, akasema:

— Kuna jamaa yangu mmoja, wa kule Kitandililo. Ana tatizo.

— Tatizo gani? — aliuliza Benno.

— La ndani.

— Nyumba inavuja?

— Ndani ya... ya ndoa. Gari haliwaki.

Wote watatu wakageuka. Faustine alicheka hadi kahawa ikamwagikia koti. Benno hakucheka. Alijiweka sawa kama mtu aliyeitwa kwenye semina.

— Umri?

— Kama wangu. Arobaini na tisa.

— Mdogo huyo! Mwambie parachichi. Lakini asile nyama yake, nyama waachie wazungu. Kokwa! Alikune, alianike siku tatu, alisage, kijiko kimoja kwenye uji wa ulezi. Mimi nina miaka sitini na tatu, sijawahi kulalamikiwa.

— Mkeo anaishi Dodoma kwa mwanao, — alisema Severini. — Atakulalamikia kwa simu?

— Nazungumzia utafiti, Mbasa. Usilete mambo ya nyumbani.

— Utafiti wako hauna samaki. Sikia, Shadrack. Mbasa akitaka kuzaa anaacha ziwa, anapanda mto. Maji yanashuka, yeye anapanda. Mawe yanamgonga, anapanda. Sasa kichwa cha samaki wa namna hiyo ukikichemsha na ndimu, ukanywa ile supu ya moto, nguvu zile zitakwenda wapi? Zitapanda!

— Na akishazaa anafanyaje? — aliuliza Faustine.

— Anarudi ziwani.

— Amechoka?

— Amechoka, ndiyo.

— Basi hiyo si dawa, hayo ni mateso. Ninyi mnatibu tumbo wakati ugonjwa ni baridi. Upepo huu unaingilia chini! Waangalieni madereva wa bodaboda, vijana wabichi, wote wananunua vumbi la Kongo la kuongeza nguvu. Kwa nini? Pikipiki inawapuliza kutwa nzima. Huyo jamaa akalie tofali la moto. Kila jioni, dakika ishirini.

— Akiungua?

— Akiungua atajua angalau pana uhai.

Shadrack alisimama, akaenda hadi kwenye lori, akarudi. Kokwa la parachichi hakuwahi kulijaribu. Mengine mengi alikwishajaribu: magome ya mkuyati, karanga mbichi na nazi kila alfajiri, mbegu za tikiti, vitunguu saumu vilivyomfanya hata mbwa wake amkimbie. Kwa mganga wa gulioni alinunua mizizi ya aina tatu, akaichemshia karakanani kwenye kopo la rangi, na Anneth alipoinusa harufu ile kwenye shati alidhani ni manukato ya mtu.

— Jamaa ameshajaribu mkuyati, — alisema.

— Mkuyati wa wapi? — Benno alidakia. — Wa sokoni ni magome ya mwembe yaliyopakwa rangi. Anahitaji uliochimbwa upande jua linakochomoza.

— Na uchimbwe na mtu asiyezungumza, — aliongeza Severini.

— Akiwa amevaa koti, — alisema Faustine.

— Mnafanya mzaha, — alisema Shadrack. Sauti yake ilitoka kali kuliko alivyotaka. — Yule mtu hali yake mbaya. Anataka kitu cha haraka.

— Haraka kiasi gani?

— Leo. Kabla ya saa sita.

Faustine akajikuna kidevu.

— Saa sita mchana? Mchana huu kuna nini?

— Sijui. Ndivyo alivyosema.

— Kama ni leo leo, — Faustine alishusha sauti, — basi ni nyuki. Mzee mmoja wa Ilembula aling'atwa na nyuki watatu hapa, kiunoni, bahati mbaya tu, alikuwa anarina asali. Watatu tu, si wanne. Akafika nyumbani anakimbia.

— Alikuwa anawakimbia nyuki!

— Mwaka uliofuata alipata mapacha!

Benno akasema mapacha wale ni kwa sababu ya ulanzi, ile pombe ya mianzi, tena ulanzi mtamu wa siku ile ile, si uliochacha. Severini akasema ulanzi ndio uliowamaliza wanaume wa Njombe wote. Wakainuka, nusura wapigane. Wakati huo Feliciana, muuza kahawa wa kijiwe, aliyekuwa akichochea mkaa chini ya birika lake, aliinua kichwa. Ni mama mtu mzima, mjane, na kwa kawaida maneno ya benchi lile huyapita kama vumbi.

— Baba Peace, — alimwita Shadrack kwa jina la mtoto wake wa kwanza. — Huyo rafiki yako, usiku anaamka mara ngapi kwenda kukojoa?

— Mara nne, — alijibu Shadrack papo hapo. — Tano, akinywa chai.

— Na kiu?

— Kiu kila wakati. Anaweka jagi la maji kando ya kochi.

Alipotamka neno "kochi" akajua amejitaja mwenyewe. Lori moja liliwasha injini, likaondoka, na moshi wake ukawapitia bila mtu kukohoa. Severini aliinamia kikombe. Faustine alifungua kinywa, na Benno akamkanyaga mguu.

— Marehemu wangu alianza hivyo hivyo, — Feliciana alisema taratibu, akimjazia Shadrack kikombe ambacho hakikuwa kimeisha. — Tukahangaika na mizizi miaka miwili. Ilikuwa sukari. Mwambie rafiki yako akapime.

Shadrack alitaka kusema kitu. Alitaka kuondoka pia. Hakupata nafasi ya kufanya lolote kati ya hayo, kwa sababu Anneth alikuwa amefika.

Alikuja upande wa sokoni, kikapu mkononi, kitenge cha Jumapili kiunoni ingawa ilikuwa Jumamosi. Wanawake hawakuwa na desturi ya kusimama mbele ya benchi lile, isipokuwa Feliciana. Anneth alisimama.

— Kamwene, — aliwasalimu kwa Kibena, halafu akamgeukia Benno. — Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mama. Karibu kahawa.

— Sikujia kahawa. — Mikono yake ilikuwa imeukaza mpini wa kikapu. — Kaka yangu ameshafika Njombe, saa sita atakuwa hapa. Nimeona kabla hajafika niwaulize ninyi, maana ndio mnaokaa na mume wangu kila siku. Sitagombana na mtu, wala sitakwenda kumpiga. Nataka jina tu. Huyo mwanamke anaitwa nani?

Benno, ambaye ana jibu la bei ya mbolea, la mshindi wa ligi na la mwisho wa dunia, alitazama viatu vyake. Severini alizungusha kikombe kitupu. Faustine alifunga kifungo cha koti, akakifungua, akakifunga tena.

— Mzee Benno, — alisema Anneth, akimsogelea, — wewe ni mtu mzima. Nakuheshimu. Nani?

— Mwanangu, — alisema Benno. Akaishia hapo.

Shadrack aliwatazama wenzake. Walikwishajua, wote watatu, na habari kama hiyo ingewatosha kwa vicheko vya mwaka mzima. Hakuna hata mmoja aliyemtazama usoni. Kitu fulani kifuani mwake, kilichokuwa kimekazwa kama kitasa tangu mwezi wa tatu, kililegea.

— Hayupo, — alisema.

— Simuulizi mwongo.

— Anneth, hayupo. Hajawahi kuwapo.

— Basi ni nini?

Benno alisimama. Akasema anakwenda kumwagilia miche, ingawa mawingu yalikuwa yamejaa. Severini akasema samaki wake wako juani, na Faustine akamfuata kama kwamba naye ana samaki. Feliciana alibeba birika na jiko lake, akaenda kuwauzia madereva upande wa pili. Kwa mara ya kwanza tangu litengenezwe, benchi lile lilibaki na mtu mmoja asubuhi ya Jumamosi, halafu watu wawili, kwa sababu Anneth alikaa.

Shadrack alimwambia. Alianza vibaya, kutoka katikati, akarudi mwanzo. Akataja usiku ule wa mwezi wa tatu alipojaribu na mwili ukakataa, na wa pili, na wa tatu, na namna alivyoanza kuogopa hata jua likizama. Akasema alihamia sebuleni ili asijaribiwe tena. Akasema kuhusu kopo la rangi, kuhusu rafiki wa kubuni wa Kitandililo na ushauri wa Feliciana wa kupima sukari. Alipomaliza, Anneth alikuwa ameshika pua kwa ncha ya kitenge.

— Miezi saba, — alisema. — Miezi saba nimemchukia mtu ambaye hayupo.

— Nisamehe.

— Nilikuwa nimeshampa hata sura. Mweupe. Ana mwanya. Nikikutana na mwenye mwanya sokoni namwangalia mpaka anaondoka.

Shadrack alicheka kidogo bila kukusudia. Anneth hakucheka.

— Usinicheke. Uliniacha nilie peke yangu, na wewe uko chumba cha pili umeamka. Ungenigongea tu ukuta.

Anneth alipangusa uso, akatoa simu, akampigia kaka yake. Shadrack alisikia sauti nzito ya Jastin ikiuliza upande wa pili, ikiuliza tena.

— Hapana, kaka, kikao hakuna, — alisema Anneth. — Njoo tu ule chakula. Shemeji yako anaumwa... Anaumwa mwili, kaka, watu huumwa. Tutakukuta nyumbani.

Akakata. Akasimama, akachukua kikapu.

— Twende.

— Wapi?

— Kupima. Sasa hivi, kabla hujapata rafiki mwingine.

Zahanati ilikuwa ng'ambo ya barabara. Walisubiri malori mawili yapite, na walipovuka Anneth alimshika mkono wa koti, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mahindi yalipokuwa machanga shambani. Ndani palinuka dawa ya kusafishia sakafu. Muuguzi, dada mdogo aliyejitambulisha kwa jina la Konsolata, aliwaweka kwenye viti na kuuliza nani mgonjwa. Shadrack aliiona sindano ndogo ya kutobolea kidole, akachungulia mlango.

— Anza na mimi, — alisema Anneth, na kunyoosha kidole.

Kipimo chake kilisoma tano na nusu, sukari ya kawaida. Kisha Shadrack akatoa kidole chake. Kipimo kilifikiri kidogo, kikaandika kumi na sita. Konsolata hakushtuka, aliandika, akarudia kupima, akaandika tena. Aliwaeleza kwamba sukari iko juu sana, kwamba wataonana na daktari baada ya dakika chache, kwamba wapo wengi wenye hali hiyo na wanaishi, kwamba soda na magome ya kuchemsha, ambayo wengi huanza nayo, viishe leo.

— Kuna tatizo lingine lolote, baba, ambalo ungependa daktari alijue?

Shadrack alimtazama mkewe. Anneth alitazama mbele, lakini goti lake lilikuwa limegusa la mumewe na halikuondoka.

— Lipo, — alisema. — Tena ni langu mimi mwenyewe.