Kiti cha Tundu la Pili

Kijiwe cha Qali, muuza chai, kiko nyuma ya soko la mifugo la Garissa: ubao mrefu juu ya madebe mawili, jiko la makaa, na birika ambalo hakuna aliyewahi kuliona limepoa. Kina sheria moja tu, nayo ni kwamba mabishano yote ni kwa Kiswahili. Walikubaliana zamani kwamba Kisomali ni cha nyumbani na cha mambo ya kweli. Mtu akikuita mjinga kwa Kiswahili unacheka, akikuita hivyo kwa Kisomali lazima wazee waitwe. Alasiri hiyo, watu wakiwa ndiyo kwanza wametoka kuswali, walikuwa wameketi watatu. Kulikuwa na Jelle, anayeitwa Injinia kwa sababu aliwahi kuwasha na kuzima pampu ya maji kule Rhamu kwa miaka miwili. Kulikuwa na Billow, tarishi mstaafu, anayeitwa Spika kwa kuwa hakuna anayemaliza sentensi bila ruhusa yake. Na kulikuwa na kijana Najib, muuza kadi na bando za simu, ambaye jina lake la kijiweni ni hilo hilo, Bando.

Wa nne alifika amechelewa. Huyo ni mzee Olow, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyestaafu, mrefu hata akiketi, na tangu miezi mitatu iliyopita wanamwita Kilomita. Siku hiyo alikaa bila kusalimia. Qali alipompa gilasi ya chai aliishika kwa mikono miwili.

Jina la Kilomita lilitokana na baiskeli. Daktari alipomwambia Olow kwamba ana sukari, binti yake Sagal, aliyeolewa Oslo, aliagiza kutoka Nairobi ile baiskeli ya mazoezi isiyokwenda popote, ikaja kwa basi ndani ya boksi. Ilifungwa papa hapa kijiweni. Injinia alikataa kufungua kitabu cha picha kilichokuja nayo, akisema kitabu ni cha watu wasio na mikono. Hakujua, wala hakukubali kuambiwa, kwamba pedeli ya kushoto hukazwa kinyume na ya kulia, akailazimisha mpaka chuma kikalia. Mwisho wa kazi bolti mbili zilibaki. Alizitia mfukoni akasema kiwanda huongeza za akiba. Kiti alikipandisha mpaka tundu la saba, la juu kabisa, kwa sababu ya miguu ya Olow, kisha mkokoteni ukaipeleka nyumbani kwenye chumba cha wageni.

Olow aliipanda siku tisa. Siku ya kumi makalio yalikataa, mita ikiwa imesoma kilomita ishirini na saba, na tangu hapo hakuingia tena chumba kile. Lakini alikuwa ameshajisifu. Sagal akipiga simu, anamwambia mazoezi yanaendelea. Kijiweni alisema kilomita kumi kila alfajiri, na akapewa jina, na jina lilimkaa vizuri. Ilikuwa rahisi kuendelea kudanganya kuliko kuanza tena kupanda.

Sasa alitoa simu akamkabidhi Spika. Sagal alikuwa amepiga adhuhuri na kumwomba picha ya mita. Olow, kwa hofu ya kuumbuka, aliingia chumbani akinuia kuzungusha pedeli kwa mkono mpaka namba iwe ya heshima. Alichokikuta alikipiga picha bila kufikiri, akaituma, akatoka mbio.

Spika aliisogeza simu mbali na macho.

— Mia sita arobaini na moja, alisoma. Mashallah. Hii ni Wajir, kwenda na kurudi.

— Lakini aliyefunga ni mimi, Injinia akakumbusha.

— Si mimi, Olow akasema.

— Si wewe nini?

— Si mimi nimepanda. Mimi sijagusa hiyo kitu tangu siku ya tisa. Wallahi.

Spika aliteremsha gilasi polepole, maana alikuwa amemtangaza Olow mpaka msikitini. Injinia ana kaka kule Bura aliyeacha chai ya sukari kwa kumwiga Olow. Walimtazama mzee wa watu wasijue wakasirike kwa ajili ya uongo wa miezi mitatu au waogope kwa ajili ya kilomita. Hofu ilishinda, kwa sababu kilomita zilikuwa pale kwenye picha.

Olow akamwaga yote. Hakukuta namba peke yake. Kiti kilikuwa kimeshuka, kutoka tundu la saba mpaka la pili. Garissa nzima ina vumbi, lakini baiskeli ilikuwa safi, haina hata chembe. Chini yake palikuwa na mkeka wa zamani uliokunjwa mara mbili ili isiyumbe. Hata ile pedeli ya kushoto iliyokuwa inalia ilikuwa imetiwa mafuta na imenyamaza.

— Hiyo ni joto tu, Injinia alisema. Chuma ikipata joto inatembea. Kule Rhamu pampu ilikuwa inazunguka na tangi haina dizeli. Na kiti imeshuka kwa sababu ya hiyo hiyo joto. Imelegea.

— Na mkeka pia ni joto? Spika akamuuliza.

Injinia alisema mkeka ni swali la siku nyingine.

Spika alikuwa na lake, na alilitoa kwa sauti ya ofisini. Mita, alieleza, haikuanza kuhesabu Garissa. Ilianza kiwandani China. Ilihesabu lori, ikahesabu bandari, ikahesabu basi, na namba ile ni safari yote ya baiskeli kabla haijafika.

— China ni mbali zaidi ya hapo, Bando alimwambia.

— Imehesabu barabara peke yake. Bahari haihesabiwi.

— Lakini adeer Olow aliiacha ishirini na saba, Bando akasema; adeer ni ami, na ndivyo anavyowaita wazee wote.

— Ilikuwa bado inafikiria.

Bando alitikisa kichwa kwa huruma. Kwake jambo lilikuwa wazi kama mchana, ni vile wazee hawaelewi mambo ya app. Baiskeli za siku hizi zinaongea na wenzao. Sagal ana yake huko Oslo, na akikanyaga kule, hii ya huku inazunguka.

— Maze, msichana anafanyia babake mazoezi online. Angalia sukari yako, adeer. Si imeshuka?

Olow alisema hajui, kwa sababu zile karatasi ndogo za kupimia sukari nazo zina shida yake. Mwanzoni kopo moja lilikuwa linamaliza mwezi. Siku hizi linaisha katikati, na muuza dawa anaapa ni lile lile. Injinia alidakia hapo kwamba kila kitu siku hizi kinajila chenyewe, na ndipo akalisema lile ambalo wote walikuwa wanalikwepa tangu mwanzo.

— Basi ni jini.

Hakuna aliyecheka. Walilipima jambo hilo kwa makini, na kadiri walivyolipima ndivyo lilivyozidi kuingia akilini. Jini mfupi, kwa sababu ya kiti. Jini msafi, kwa sababu ya vumbi. Spika aliongeza kwamba bila shaka ni Mwislamu, kwa kuwa anatumia mkeka. Olow aliuliza kwa sauti ndogo kama jini wa namna hiyo hudhuru watu, na Spika akajibu kwamba inategemea kama ameudhiwa.

Olow alikuwa ameogopa kweli. Mwanamume huyu aliwahi kuswaga ng'ombe usiku kucha huku fisi wakilia kando ya njia, na leo alikuwa anaogopa chumba cha wageni cha nyumba yake mwenyewe. Alisema amekwisha kuamua. Hatalala tena na kitu kile chini ya paa moja.

— Kesho asubuhi naitoa. Nani anataka, akuje na mkokoteni achukue bure.

— Mimi nitaichukua, Injinia alisema haraka, lakini kwanza isomewe Kurani.

Mwisho wa ubao alikuwa amekaa mtu ambaye hawakumjali. Ni Abdihafid, fundi wa baiskeli na pikipiki kutoka Bura, aliyefungua kibanda jirani wiki ile ile, na hiyo ilikuwa gilasi yake ya kwanza kwa Qali. Alikuwa amesikiliza yote, mikono yake imejaa grisi. Aliomba kuiona picha kwa adabu. Aliikuza kwa vidole viwili, akaitazama nguzo ya kiti.

— Adeer, ulisema mwanzo kiti ilikuwa tundu la saba?

— La saba.

— Na hapa iko la pili. Pini imekazwa vizuri. Hii haiwezi kushuka yenyewe, lazima mtu afungue, avute pini, ashushe, akaze tena. Na mtu anashusha mpaka mguu ifike pedeli.

Akamrudishia simu.

— Kwako nyumbani ni nani mguu yake inafika tundu la pili?

Swali lilikuwa dogo, na kila mtu alilijua jibu. Nyumba ya Olow ina watu wawili tu tangu Sagal aolewe. Wote walikuwa wamemwona Ebla sokoni, mama mfupi mwenye haraka, ambaye akisimama na mumewe anamfika kwenye kiwiko. Lakini mke wa mtu hatajwi kijiweni. Mwenzako unamuuliza watu wa nyumbani hawajambo, naye anajibu hawajambo, na mlango unafungwa hapo. Injinia aliangalia viatu vyake. Spika, ambaye ana neno la kila jambo, alikunywa chai iliyokwisha kitambo. Fundi mwenyewe aligundua alichouliza, akainamisha kichwa kwa aibu.

Olow hakuwa anawaona tena. Alikuwa anaziona zile karatasi za sukari zinazoisha katikati ya mwezi. Alimwona Ebla akiamka usiku kunywa maji, mara mbili, mara tatu, na yeye akimlalamikia kwamba anamkatiza usingizi. Alimwona akikaza kwa uzi bangili zilizokuwa zinamtosha mwaka jana. Na kila alasiri, akiwa anavaa kofia kuja huku, Ebla humuuliza swali moja, kama atarudi baada ya magharibi. Miezi mitatu alikuwa anadhani mkewe anamngoja kwa hamu. Kumbe alikuwa anamngoja aondoke.

Simu ililia. Ilikuwa Sagal, na Olow aliifungulia kipaza sauti kama anavyofanya siku zote, kwa sababu sikio lake la kulia limechoka na kwa sababu anapenda watu wasikie Oslo ikimpigia.

— Aabo, picha nimeipata, Sagal alisema. Mia sita arobaini na moja. Kumbe Hooyo alikuwa ananiambia kweli.

Olow alijibu kwa Kisomali. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mingi kwa lugha hiyo kusikika pale kwenye jambo la maana, na watu wote walikaa wima.

— Mama yako ana nini?

— Amekwambia? Sagal akauliza.

— Niambie wewe.

Akamwambia. Siku ile Ebla alipomsindikiza Olow kliniki, muuguzi alimpima na yeye pia, kwa kuwa alikuwa amekaa tu pale. Yake ilikuwa juu kuliko ya Olow, juu sana. Daktari alisema miguu na macho viko hatarini, asipofanya mazoezi kila siku asilaumu mtu. Ebla hana simu ya picha, ndiyo maana Sagal alimwomba baba apige ile mita.

— Baiskeli nilimnunulia yeye, Aabo. Alisema mwanamke wa umri wake akionekana ameletewa baiskeli, mtaa utacheka. Tukaandika jina lako. Alingoja uchoke nayo. Alisema hutafika siku ya kumi.

Olow alifumba macho.

— Miezi mitatu. Mbona hakuniambia mimi?

Sagal akalisema taratibu, kama mtu anayeshika kidonda.

— Alisema ukijua wewe, jioni hiyo hiyo kijiwe kizima kitajua.

Simu ilikuwa juu ya ubao, katikati ya gilasi, na kila neno lilikuwa limesikika mpaka kwenye jiko. Olow aliinua macho na kuwatazama wote, mmoja mmoja, Injinia, Spika, Bando, fundi mgeni, Qali na birika lake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshikwa akiiba kwake mwenyewe.

— Aabo? Uko wapi saa hii? Sagal aliuliza. Uko peke yako?

— Ngoja kidogo, Olow akamwambia.

Ndipo Qali akafanya ishara kwa mkono kwamba chai imekwisha, ingawa birika lilikuwa limejaa mpaka kifuniko. Spika aliinuka wa kwanza, yeye ambaye huondoka wa mwisho. Bando alikusanya kadi zake bila kuzigonganisha. Injinia alitia mkono mfukoni, akatoa zile bolti mbili, akaziweka kando ya simu taratibu, akavua kandambili zake na kuzishika mkononi ili zisisikike. Fundi alimfuata. Qali mwenyewe alijifunika shuka akavuka barabara, akasimama upande wa pili akiwapa mgongo.

Olow alingoja mpaka ubao ukawa mtupu.

— Niko peke yangu, akasema.