Pedali ya Sauti ya Pili

Kosa lilikuwa langu. Treni ilipoyumba nilitafuta pa kuegesha mguu, nikaona kisanduku cha chuma sakafuni, nikakikanyaga. Mwenyewe akaruka. "Taratibu kaka, unakanyaga kwaya yangu!"

Kumbe anaimba harusini, peke yake, na kisanduku ni pedali ya sauti: unaimba huku umekanyaga, spika inatoa watu wawili. Nikaomba radhi, nikaondoa mguu. Masikio niliyaacha palepale.

Dada aliyekaa kiti cha pembeni yake, fundi spika mwenye bisibisi mfukoni, akamuuliza anatumia maiki gani.

"Ya kuvaa kichwani."

"Na unavyotikisa kichwa ukiongea tu? Itatua kwenye keki. Chukua ya kushika. Na sauti ya pili zamani aliimba nani?"

"Mke wangu. Ana wiki tatu kwa kaka yake. Nilimwambia mbele ya maharusi kwamba ametoka nje ya wimbo."

"Alikuwa ametoka?"

"Niliyetoka ni mimi."

Fundi akacheka mpaka bisibisi ikadondoka. "Na ukisahau maneno?"

"Yeye ndiye aliyekuwa ananidaka."

"Basi pedali haidaki, shemeji. Ukinyamaza, nayo inanyamaza."

Jamaa akakitazama kisanduku kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. "Harusi ni leo saa tisa," akasema.

Treni ikafunga breki, sote tukainuka kuwahi mlango. Akapaza sauti, bila maiki wala pedali, "Jamani, nani ataniazima simu nimpigie mke wangu? Akiona namba yangu hapokei!"