Shavu la Bwana Wangu

Ndugu zangu, sifa zimwendee Bwana aliyenipa nguvu za kusimama mbele yenu asubuhi ya leo. Mimi ni Mama Ngoie, mnaniona kila Jumapili katika safu ya waimbaji. Leo sikuja kuimba. Nimekuja kusema namna Yesu alivyonitoa katika wivu.

Bwana yangu, Baba Ngoie, alipokuwa mtoto alitokwa na jipu baya shavuni. Lilipona, lakini liliacha shimo ambalo kidole kingeingia. Akisema na watu alilifunika kwa mkono. Akipigwa picha aligeuza kichwa. Na mimi, ndugu zangu, nilikuwa na amani, kwa sababu hakuna mwanamke aliyemwangalia mara mbili. Nililala vizuri juu ya aibu yake.

Kisha akafika kwetu Likasi munganga mmoja, daktari kutoka Ulaya, akiwa na dawa mpya ya ngozi. Alitueleza kwamba imetengenezwa kwa ngozi ya ng'ombe, nayo hudungwa kwa sindano chini ya kovu, ikainua pahali palipobonyea. Kwanza alimdunga kidogo mkononi, akangoja wiki kadhaa kuona kama mwili utaikataa. Akatuonya pia kwamba dawa hiyo haikai milele. Mwili huila polepole, na baada ya miezi shimo hurudi.

Mwili haukuikataa, basi akamdunga shavuni. Siku za kwanza lilivimba na kuwa jekundu. Uvimbe uliposhuka, shavu likawa sawa na lile lingine. Baba Ngoie alinunua kioo, akakitundika karibu na mlango. Akaanza kunyoa ndevu kila asubuhi, akicheka peke yake.

Mimi sikucheka. Mama Anjela, mwimbaji mwenzangu, anayeuza mikate pale wafanyakazi wanapongojea basi, alimwambia Baba Ngoie kwamba sasa anafanana na bwana arusi. Neno hilo liliniingia kama mwiba. Nilianza kunusa mashati yake. Akichelewa kidogo, nilimwuliza alisimama wapi, na nani, na waliongea nini. Kanisani niliacha kumsalimu Mama Anjela. Na maombi yangu, Bwana anajua, yalikuwa haya tu: ile dawa iyeyuke upesi.

Asubuhi moja nilimfuata mpaka kwenye basi. Nilimkuta akinunua mkate, nikamwita mzinzi mbele ya wenzake wa kazi. Alipanda basi, na jioni aliniambia kwamba ameomba wakubwa wake wamhamishie Kakanda, mbali na nyumbani, akalale huko, awe anarudi Jumamosi tu.

Miezi ikapita kabla wakubwa hawajamjibu, dawa ikaisha. Nililiona shimo likirudi, nikapika kuku kwa furaha. Lakini kesho yake, alipokuwa anavaa viatu, nilimwuliza kama Mama Anjela ataenda pale kwenye basi. Akaniangalia, mkono wake ukiwa tena shavuni.

"Mama Ngoie, uso yangu imerudia vile ilikuwa. Sasa unaogopa nini tena?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba ugonjwa haukuwa katika shavu lake. Ulikuwa ndani yangu, na hakuna sindano iliyoweza kuufikia.

Wiki ile wamama walikuwa na maombi kule Mulungwishi. Nilienda nikiwa nimevunjika. Nilimtafuta Mama Anjela, huyu huyu mnayemwona pale amekaa, nikamwomba aniombee.

"Nilikuchukia juu ya bwana yangu," nilimwambia.

"Miye nilijua," akasema. "Piga magoti."

Akaweka mkono juu ya kichwa changu, nikalia mpaka kitambaa changu kikalowa. Sikuona nuru, sikuanguka chini. Lakini nilipoinuka, moyo wangu ulikuwa mwepesi, kama nimetua mzigo wa kuni.

Nilirudi nyumbani nikamwomba Baba Ngoie msamaha. Kisha nikamwambia kwamba munganga yule sasa yuko Lubumbashi, twende. Hakuamini. Akauliza, twende kufanya nini? Nikamwambia, "Kujaza shavu." Tulipanda treni pamoja, na sindano ilipoingia, mkono aliokuwa anaukamata ulikuwa wangu.

Ndugu zangu, msifikiri kwamba barua ya kumhamisha Kakanda ilifutwa. Ilifika, naye akaenda. Anafanya kazi huko kati ya wanawake nisiowajua, na uso wake ni mzuri. Siku nyingine wivu unakuja kunipigia hodi. Ninaomba, unaondoka.

Namshukuru Bwana! Na wewe uliyekaa hapa, unayehesabu hatua za bwana yako au za bibi yako, usingoje mpaka nyumba ivunjike. Mpe Yesu moyo huo hivi ulivyo. Mimi nilimpa. Jana, Jumamosi, Baba Ngoie alishuka kwenye gari saa ya jioni, amechelewa sana. Nilimpa maji ya kuoga, nikamsongea bukari, nikamwekea na samaki, nikakaa karibu naye akila. Sikumwuliza kitu.